Mafunzo ya baada ya uzamivu kwenye kituo cha ushauri nasaha cha chuo kikuu, Marekani: nikague nini kabla ya kusaini?

saikolojia_mgeni

Habari zenu wakuu.

Namalizia intanshipu huku Marekani, uzamivu wa saikolojia ya ushauri, na mwaka unaofuata nataka niufanye kwenye kituo cha ushauri nasaha cha chuo kikuu. Matangazo yote yanafanana: mafunzo bora, timu inayojali, uzoefu mpana. Nimebakiza nafasi mbili mkononi. Moja ni ya miezi 10, Agosti hadi Mei, na kwa mwezi inalipa vizuri kidogo. Nyingine ni ya miezi 12. Jimbo la leseni sijaamua, nafikiria California au Washington. Viza yangu ni F-1, ya mwanafunzi.

Naomba wanaoijua hii kazi wanieleweshe: tofauti ya kweli kati ya kituo na kituo iko wapi? Na ni mambo gani yakikosewa mwanzoni hayarekebishiki tena?

Kipimo

Karibu mkuu. Anza na bodi ya jimbo, kituo kifuate. Wengi wanaligeuza hili: wanachagua kituo, mwaka unapita, halafu ndiyo wanafungua kanuni za bodi na kukuta sehemu ya saa zao haihesabiki. Leseni inatolewa na jimbo, na kila jimbo lina hesabu yake.

California inataka saa 3,000 za kazi chini ya usimamizi, na angalau 1,500 kati ya hizo ziwe za baada ya shahada. New York inahesabu mwaka mmoja kuwa saa 1,750, na inataka miaka miwili ya namna hiyo. Washington na Arizona ni habari nyingine: saa za kabla ya shahada, praktikamu (mafunzo ya vitendo wakati wa masomo) ikiwemo, zinaweza kutosha, kwa hiyo mtu anaweza kupata leseni bila kufanya mwaka wa baada ya uzamivu. APA, chama cha wanasaikolojia wa Marekani, ilipitisha msimamo mwaka 2006 kwamba mwaka huo usiwe sharti la kuanza kazi, lakini majimbo mengi bado yanautaka. Kwa hiyo usiharakishe kusema "basi mimi naenda Washington, sina haja nao". Ukija kuhamia jimbo linalotaka saa za baada ya shahada, itabidi uzitafute ukiwa tayari mtu mzima kazini. Kama hujui utaishia wapi, jipime kwa jimbo gumu kuliko yote unayoyafikiria.

Tuje kwenye miezi 10 yako. Agosti mosi hadi mwisho wa Mei ni wiki 43 hivi. Toa wiki mbili ambazo chuo kinafungwa mwishoni mwa Desemba, wiki mbili za likizo yako, na sikukuu za kitaifa zinazojumlika kama wiki moja. Zinabaki 38. Kwa saa 40 kila wiki ni saa 1,520. California umeivuka kwa saa 20 tu; ukiugua wiki moja umeshapungukiwa. Saa 1,750 hufiki kabisa. Ya miezi 12, ukitoa wiki tano zilezile, inabaki na wiki 47, yaani saa 1,880. Hapo unapumua. Na usidhani utafidia kwa kukaa ofisini hadi usiku: California haihesabu zaidi ya saa 44 kwa wiki.

Kuna mtego ambao mshahara hauonyeshi kabisa, nao ni uwiano wa usimamizi. California inataka usimamizi uwe asilimia 10 ya saa za wiki, ndani yake angalau saa moja ya ana kwa ana, wewe na msimamizi wako mkuu peke yenu. Ukifanya kazi saa 40 unatakiwa kupata saa nne za usimamizi. Kituo kinachokupa saa mbili za binafsi na moja ya kikundi kinakupa tatu, na tatu zinabeba saa 30 tu za kazi. Saa 10 zinapotea kila wiki na hakuna atakayekuambia, kwa sababu kwa vigezo vya APPIC, umoja wa vituo vya mafunzo ya saikolojia, kituo hicho kiko sawa: wao wanataka saa mbili za usimamizi wa binafsi na saa mbili nyingine za shughuli za kujifunza kama semina au mijadala ya kesi. Semina si usimamizi. Ukiona ratiba imeandika "saa nne za mafunzo", uliza ngapi kati yake ni usimamizi, na nani anaziongoza.

Na huyo anayeongoza awe mwanasaikolojia mwenye leseni. Vituo hivi vina watu wa fani nyingi: wafanyakazi wa ustawi wa jamii, washauri nasaha, madaktari wa akili. Utajifunza mengi kwao, ila saa ya usimamizi kutoka kwao bodi ya saikolojia inaweza isiihesabu kabisa, au ikaihesabu kwa kiwango kidogo.

Mwisho, tarehe. Saa za baada ya shahada zinaanza kuhesabiwa pale masharti yote ya shahada yanapokamilika, yaani tasnifu imetetewa na kukabidhiwa, intanshipu imekwisha. Ukianza kazi Agosti huku marekebisho ya tasnifu yakikabidhiwa Oktoba, hiyo miezi miwili unaweza kuikosa. Omba barua ya msajili au ya mkuu wa mafunzo ya kliniki yenye tarehe kamili uliyokamilisha kila kitu, hasa kama chuo chako kinatoa shahada mara mbili au tatu tu kwa mwaka. California pia inataka makubaliano ya usimamizi yaandikwe na kusainiwa kabla ya kuanza, na kumbukumbu ya saa ijazwe wiki kwa wiki. Makubaliano yaliyosainiwa wiki ya sita hayarudi nyuma kuzikomboa wiki tano za kwanza.

mgeni_wa_barua

Kipimo amemaliza upande wa bodi. Mimi naongeza viza, maana kwa mwenye F-1 hapa ndipo pa kuharibikiwa mapema.

Intanshipu yako inafanyika kwa kibali gani? Kama ni CPT (kibali cha kufanya kazi kama sehemu ya masomo) ya muda wote, hesabu siku zake leo. CPT ya muda wote ikifika mwaka mmoja kamili, unapoteza haki ya OPT (kibali cha kufanya kazi baada ya masomo) kwa ngazi hiyo ya shahada. Intanshipu ya saikolojia ni ya miezi 12, na ndiyo sababu ofisi za wanafunzi wa kigeni zenye uzoefu huiandika iishie siku moja au zaidi kabla ya mwaka kutimia. Fungua I-20, ile fomu ya viza uliyopewa na chuo, soma tarehe mbili za CPT kwa macho yako. Kama zinafika mwaka kamili na bado hazijapita, nenda ofisini kesho asubuhi.

OPT yenyewe ni ya miezi 12. Maombi yanaweza kupelekwa kuanzia siku 90 kabla ya tarehe ya mwisho wa programu hadi siku 60 baada yake, na lazima yafike ndani ya siku 30 tangu ofisi ya chuo iweke pendekezo lake kwenye mfumo. Tarehe ya kuanza unaichagua mwenyewe ndani ya hizo siku 60. Hapo chagua kwa kuangalia nafasi ya kazi. Mtu akiandika OPT ianze Julai mosi kwa kuogopa kuchelewa, halafu kituo kikaanza Agosti 15, OPT itakufa Juni 30 huku mkataba wa miezi 12 ukiwa na wiki sita mbele. Siku zisizo na kazi nazo zina kikomo, 90 kwa jumla, na hizo wiki sita za kusubiri tayari zimekula karibu nusu.

Kwa hiyo, nafasi ya miezi 12 nzuri kwa saa za leseni inaweza isikae ndani ya OPT mpaka tarehe zilingane. Muulize mkurugenzi wa mafunzo kama tarehe ya kuanza inaweza kusogezwa hata wiki mbili. Mara nyingi inawezekana, maana semina ya utangulizi ndiyo inayowabana, na wiki za mwanzo wa Agosti wanafunzi bado hawajarudi.

Jambo jema ni kwamba vyuo vikuu haviguswi na ukomo wa idadi ya H-1B (viza ya kazi ya wataalamu) wa kila mwaka, kwa hiyo chuo kikitaka kukubakiza hakisubiri bahati nasibu. Ila chuo kuweza si sawa na chuo kutaka. Uliza kama idara imewahi kumfanyia mtu wa mafunzo, na uliza kabla ya kusaini.

Mama Kliniki

Mwanangu, hao wawili wamekulinda usipoteze mwaka. Mimi nataka usiupoteze ukiwa ndani yake.

Tofauti ya kweli ya kituo na kituo inaonekana kwenye ratiba ya wiki moja ya kawaida ya mwezi Oktoba. Waombe wakutumie ratiba ya mtu wa mafunzo aliyepo sasa, jina likiwa limefutwa. Si ya Julai, kwa sababu Julai kila mtu ana nafasi. Katika saa 40 utegemee kuona kama vikao 13 au 14 vya tiba ya mtu mmoja, saa mbili hadi nne za tathmini za awali, kikundi kimoja au viwili vya dakika 90, zamu ya dharura nusu siku, usimamizi unaoupokea, saa moja ya kumsimamia mwanafunzi wa praktikamu pamoja na saa nyingine ya kutazama video zake, semina, mkutano wa wafanyakazi, na huduma za nje ya ofisi kama warsha kwenye mabweni. Halafu tafuta saa za kuandika kumbukumbu. Kama hazimo, zimo kwenye usiku wako. Kikao kimoja kinadai dakika 10 hadi 15 za maandishi, tathmini ya awali dakika 30 au zaidi, na kikao chenye hatari ya kujiua zaidi ya hapo. Chini ya saa tano kwa wiki hazitoshi.

Sasa sikiliza hesabu ambayo vituo vingi haviifanyi mbele ya mwombaji. Chukua idadi ya wateja wapya unaopewa kila wiki, zidisha kwa wastani wa vikao ambavyo kila mmoja anavimaliza. Jibu ndilo idadi ya vikao utakavyohitaji kila wiki mambo yakishatulia. Wateja wapya wawili kwa vikao sita ni 12. Una nafasi 14, unaishi. Wawili haohao wakibaki kwa vikao 10 ni 20, na nafasi ni zilezile 14. Watu wanadhani kumwona mteja kila baada ya wiki mbili kunapunguza mzigo. Hapana. Kunachelewesha tu siku utakayojaa, kwa sababu vikao vyake ni vilevile 10, vimesambazwa kwa muda mrefu zaidi. Na tiba nayo inadhoofika, maana wiki mbili kwa mwanafunzi ni mtihani mmoja umepita na uchumba mmoja umevunjika. Kinachopunguza mzigo ni moja kati ya mambo matatu: wapya wachache, tiba fupi yenye lengo lililokubaliwa tangu kikao cha kwanza, au rufaa ya mapema kwenda nje. Kwa hiyo uliza: kuna ukomo wa vikao? Nani anaamua mteja apewe rufaa? Na nikijaa, wapya wanasimamishwa au wanaendelea kuja?

Kituo kilicho kwenye CCMH, mtandao wa takwimu za vituo vya vyuo ulioko Penn State, kinaweza kukuambia kielezo chake cha mzigo. Kinahesabiwa kwa kugawanya wanafunzi waliohudumiwa mwaka mzima kwa idadi ya washauri, ambapo mshauri mmoja wa kipimo ni yule wa saa 24 za kliniki kwa wiki. Kielezo kikiwa kikubwa, ujue kituo kinapokea wote na kuwaona kidogo kidogo. Kikiwa kidogo, kuna nafasi ya tiba kamili ingawa kunaweza kuwa na foleni. Vyote viwili vinafundisha, ila vinafundisha vitu tofauti. Anayetaka kukomaa kwenye tiba ya muda mrefu ya kiwewe asiende kwenye kituo cha vikao vinne, hata jina la chuo likiwa kubwa namna gani.

Zamu ya dharura. Hapa nakuomba uwe mkali. Uliza ni nani anayekaa nyuma yako wakati wa zamu: jina, chumba, simu. "Mlango wetu uko wazi daima" si jibu. Jibu ni kwamba kila zamu ya asiye na leseni ina mwanasaikolojia mwenye leseni ambaye hana mteja saa hiyo, na mwanafunzi mwenye hatari haondoki jengoni kabla ninyi wawili hamjazungumza.

Mfano wa namna inavyokwenda. Mwanafunzi anajaza CCAPS, dodoso la dalili za kisaikolojia, kwenye kishikwambi pale mapokezi. Ile ndefu, CCAPS-62, mara ya kwanza, na fupi, CCAPS-34, anaporudi. Kuna swali la mawazo ya kumaliza maisha yake, linajibiwa kwa 0 hadi 4. Unalitazama kabla ya kwenda kumwita, si baada ya kikao. Akiwa ameweka 3, dakika 50 zako zimebadilika kabla hujafungua mlango. Unauliza moja kwa moja kwa mpangilio wa Columbia: kutamani kufa, kufikiria kujiua, njia, nia, mpango, na alichowahi kufanya. Baadaye mnaandika pamoja mpango wa usalama wa Stanley na Brown wenye hatua sita: dalili zake za kuanza kuzidiwa, anachoweza kufanya peke yake, watu na mahali pa kumtoa kwenye mawazo, watu wa kuwaomba msaada, wataalamu na simu ya msaada wa kuzuia kujiua (988), na kuyafanya mazingira yawe salama. Hatua ya sita ndiyo inayorukwa zaidi, kwa sababu wageni kazini wanaona aibu kuuliza kuhusu silaha au vidonge. Uliza. "Hivyo vidonge viko wapi sasa hivi? Nani anaweza kukutunzia?" Kwenye kumbukumbu andika ulichouliza, alichojibu, ulizungumza na msimamizi gani na saa ngapi, na kwa nini mliamua arudi bwenini badala ya kwenda hospitali. Bila hiyo sababu, anayesoma kesho hajui kama ulifikiri.

Kumsimamia mwanafunzi wa praktikamu ndilo jambo linaloutofautisha mwaka huu na intanshipu kuliko yote, na vituo vingi vinalitangaza bila kulifundisha. Wanakukabidhi mwanafunzi, wanakuambia mkutane saa moja kila wiki. Mafunzo ya kweli ya usimamizi yana usimamizi wa usimamizi: saa moja au zaidi kwa wiki ambapo wewe unaleta video yako ukiwa na mwanafunzi wako, na mtu mwenye uzoefu anaisimamisha palipo na kitu. Kosa la kawaida la anayeanza ni kubaki kwenye kazi moja. Modeli ya Bernard ya mwaka 1979 inataja nafasi tatu, mwalimu, mshauri nasaha na mshauri mwenza wa kitaalamu, na ukitazama video za wanaoanza utaona wengi wamekaa kwenye ualimu saa nzima: "ungekuwa umefanya hivi". Mwanafunzi anaandika, anaondoka, na wiki inayofuata anafanya kilekile, kwa sababu hakuna aliyemuuliza alihisi nini mteja alipoanza kulia na yeye akabadilisha mada. Kama kituo hakirekodi video, sitakwambia usiende, lakini mafunzo ya usimamizi hapo yatategemea kumbukumbu ya mwanafunzi, na kumbukumbu ya mwanafunzi inaficha palepale pa kuangalia.

saikolojia_mgeni

Shikamoo Mama Kliniki, na asanteni sana wote. CPT nimeangalia, inaishia siku chache kabla ya mwaka kutimia. Ya miezi 10 nadhani inaniponyoka.

Matatu yamebaki. Ile ya miezi 12 si mwanachama wa APPIC, ni kituo cha kawaida tu. Je, ni kasoro? Na wamenipa siku tatu nijibu wakati kuna kituo kingine bado hakijaita usaili. Halafu EPPP, ule mtihani wa leseni, niifanye kabla, katikati au baada?

Bi Tathmini

Marahaba kwa niaba ya Mama, atajibu mwenyewe.

Kutokuwa mwanachama si kasoro. Programu nyingi za baada ya uzamivu kwenye vituo vya vyuo hazina ithibati ya APA wala uanachama wa APPIC, tofauti na intanshipu ambako ithibati ni kitu kikubwa. Bodi nyingi zinaangalia saa, msimamizi na makubaliano. Uanachama unakupa uhakika wa mambo fulani tu: programu ya saa 1,500 au zaidi, wanasaikolojia wenye leseni wasiopungua wawili, huduma za moja kwa moja kwa wateja zisizopungua robo ya muda, na utaratibu wa maandishi wa malalamiko. Kama kituo si mwanachama, yaulize hayo moja moja, na hasa la mwisho. Omba hati ya utaratibu wa malalamiko na ya namna wanavyofanya tathmini. Kituo kisichokuwa nayo kwa maandishi kitaiandika siku mtakapogombana, na wewe hutakuwa mwandishi.

Siku tatu. APPIC ina miongozo yenye tarehe moja ya pamoja mwishoni mwa Februari: kituo kinachoifuata kikikupa nafasi mapema unaweza kuishikilia hadi siku hiyo, na kile unachokipenda zaidi kikijulishwa kinaweza kukujibu mapema. Lakini vituo vya vyuo vingi haviko kwenye miongozo hiyo, vinatangaza kuanzia Desemba hadi karibu na kiangazi kulingana na bajeti inavyopita. Kwa hiyo kwanza uliza kwa heshima: "Je, mnafuata tarehe ya pamoja ya APPIC?" Kama hawafuati, omba wiki moja kwa maandishi na utoe sababu. Wakati huohuo waandikie wale wengine kwamba una nafasi mkononi na siku ya mwisho ni fulani. Sentensi mbili zinatosha, bila kuwabembeleza na bila kuwatisha. Wakurugenzi wa mafunzo wanafahamiana na wanaheshimu ukweli. Kitu kisichofanyika ni kukubali halafu kukimbia.

Kwenye usaili utapewa kesi ya kubuni. Mwanafunzi wa mwaka wa pili, hajalala siku nne, ameacha madarasa, anasema "ningetamani kulala nisiamke", na mama yake amepiga simu kituoni akitaka kujua kama mwanaye anakuja kwenu. Wanataka kuona unapima hatari kwanza, unakumbuka kwamba kukosa usingizi hivyo kunaweza kuwa mania au dawa badala ya sonona peke yake, na unamjibu mama bila kuthibitisha hata kwamba mwanafunzi ni mteja, huku ukimsikiliza, maana kumsikiliza hakukatazwi. Kumbukumbu za tiba za kituo cha chuo kwa kawaida ziko chini ya FERPA (sheria ya faragha ya kumbukumbu za wanafunzi) na sheria za jimbo, si HIPAA (ile ya taarifa za afya) kama hospitali. Waombaji wengi wanataja HIPAA bila kufikiri na usaili unaanza kuyumba hapo.

EPPP: katikati, lakini mapema katikati. Majimbo kadhaa yanaruhusu kuifanya kabla saa hazijaisha, thibitisha la kwako. Maswali ni 225, yanayohesabiwa ni 175, muda ni saa nne na dakika 15, na alama ya kufaulu ni 500 kwenye mizani ya 200 hadi 800. Ada ya mtihani ni dola 600, ya kituo cha mtihani inalipwa mbali. Katika kujisomea fuata uzito wa sehemu: tathmini na utambuzi wa tatizo asilimia 16, maadili na sheria 16, tiba 15, kufikiri na hisia 13, ukuaji 12, jamii na utamaduni 11, biolojia ya tabia 10, utafiti 7. Watu wa ushauri nasaha hujiona salama kwenye tiba na maadili, halafu wanaangushwa na biolojia na sehemu ya kufikiri na hisia, kwa sababu tangu mwaka wa pili wa masomo hawajazigusa.

Usipange mtihani Oktoba wala Aprili, ndiyo miezi kituo kinafurika. Januari, kabla wanafunzi hawajarudi, ni wiki nzuri kuliko zote, na ukijisajili kwa bodi mapema vuli inatosha kwa karatasi kuzunguka. Muulize mkurugenzi kama wanatoa muda wa kusoma ndani ya saa za kazi. Vituo vingine vinatoa saa mbili kwa wiki, na hilo lina thamani kuliko nyongeza ndogo ya mshahara.

Mama Kliniki

Marahaba mwanangu. Bi Tathmini amesema vizuri, naongeza kimoja kwenye usaili: omba nusu saa na mtu wa mafunzo aliyepo sasa, bila mkurugenzi kuwepo. Muulize maswali matatu tu. Mara ya mwisho usimamizi uliahirishwa lini, na ulifidiwa? Ulipokuwa na mteja wa hatari saa kumi na moja jioni, nani alibaki na wewe? Waliotangulia wako wapi sasa, na wamepata leseni? Akisita kwenye la pili, usisaini kwanza.

Na jingine, kwa wewe uliyetoka mbali: vituo vingi vitakupa wanafunzi wote wa kigeni na wote weusi, kwa nia njema kabisa. Kazi hiyo ni ya maana na wanafunzi hao wanaihitaji. Lakini iingie kwenye ratiba kama kazi, yenye saa zake na usimamizi wake. Isiwe kitu cha juu ya vikao 14. Kikundi cha wanafunzi wa kigeni kinahitaji wiki tatu au nne za kuwatafuta na kuwahoji wanachama kabla ya kikao cha kwanza, na nani atafanya hayo mahojiano, saa ngapi? Hayo yaandikwe kwenye mkataba wako wa malengo ule wa mwanzo wa mwaka.

Kipimo

Nimalizie karatasi, maana swali lilikuwa mambo yasiyorekebishika.

Wasimamizi wa vituo vya vyuo wanahama sana. Msimamizi wako mkuu akiondoka Januari, fomu ya uthibitisho wa saa isainiwe wiki ile anayoondoka, ya saa hadi siku hiyo, na makubaliano mapya na msimamizi mpya yasainiwe kabla ya kikao kinachofuata. Pengo la wiki mbili kati ya wasimamizi ni saa 80 zisizo na mwenyewe. Namba ya leseni ya kila msimamizi iangalie mwenyewe kwenye tovuti ya bodi siku ya kwanza: iko hai, haina kizuizi, na ni ya jimbo hilo.

Na mwezi Desemba wanafunzi wakirudi makwao majimbo mengine, usiendelee nao kwa video kwa kudhani PSYPACT, makubaliano ya majimbo ya kutoa tiba kuvuka mipaka yake, inakuruhusu. Inamhusu mwenye leseni kamili aliyeidhinishwa, haimhusu aliye kwenye mafunzo, hata msimamizi wake akiwa nacho hicho kibali. Muulize mwanafunzi mwanzoni mwa kila kikao cha video yuko wapi kwa wakati huo, jiji na jimbo, na andika jibu. Mpango wa likizo, yaani nani atamwona huko na namba ya dharura ya huko, uanze kuuzungumza wiki ya kwanza ya Novemba. Wiki ya mitihani hakuna atakayekusikiliza.